Afugaye samaki hufuga maji kwanza



Katika miji yetu siku hizi si ajabu kuingia sebuleni kwa mtu, au katika chumba cha kungojea daktari, ukakuta tangi la kioo lenye samaki wa mapambo. Na aghalabu wanaovuta macho kuliko wote ni visamaki vidogo, visivyozidi urefu wa nusu ya kidole, vyenye mstari wa buluu unaong'aa kama taa na wekundu unaoishia mkiani. Hao ni samaki wa jamii ya tetra. Mtoto akiwaona dukani habanduki kiooni mpaka baba atoe fedha.

Lakini hebu pita tena nyumbani kwa bwana huyo baada ya majuma mawili. Utakuta maji ni meupe pe, mawe ya rangi yapo, mapovu yanapanda, lakini samaki wamebaki wawili tu, wamejibanza pembeni, wamepauka. Ukiuliza wenzao wako wapi, utajibiwa: "Wamekufa. Samaki hawa ni dhaifu mno." Na juma linalofuata bwana huyo yuko dukani tena, ananunua wengine wanne, nao wanafuata njia ile ile.

Leo nataka tulitazame jambo hilo, kwa maana si kweli kwamba samaki hawa ni dhaifu kiasi hicho. Tetra akitunzwa vizuri huweza kuishi miaka 5, na wengine hupita hapo. Wanaokufa kwa majuma mawili wanauawa na mambo matatu: haraka ya mwenye tangi, upweke, na maji yasiyowafaa. Yote matatu yanazuilika, tena kwa gharama ndogo.

Kwanza tumjue samaki mwenyewe. Jina tetra hutumika kwa aina nyingi za samaki wadogo wa maji yasiyo na chumvi. Wengi wao wanatoka Amerika ya Kusini, ingawa Afrika nayo inao wake. Yuko tetra wa Kongo, anayekua kufikia sentimeta 8 hivi, na ambaye, mtake msitake, ni wa ukoo mmoja na yule samaki mkali mwenye meno ya nje anayevuliwa katika Ziwa Tanganyika na mto Zambezi. Lakini wale wadogo wanaopendwa majumbani ni hasa wawili. Wa kwanza ni neoni, anayetoka sehemu za magharibi za bonde la mto Amazon, katika nchi za Peru, Kolombia na Brazil. Mtaalamu wa samaki George S. Myers ndiye aliyemwandika katika elimu ya viumbe mwaka 1936, akampa jina la kumheshimu William T. Innes, Mmarekani aliyekuwa mchapishaji wa jarida la wafugaji wa samaki. Wa pili ni kardinali, anayetoka mto Rio Negro na sehemu za juu za mto Orinoco, ambaye aliandikwa mwaka 1956. Kuwatofautisha ni rahisi: wekundu wa neoni huanzia katikati ya mwili kuelekea mkiani, na wekundu wa kardinali hutambaa karibu mwili mzima.

Rio Negro maana yake ni Mto Mweusi. Maji yake yana rangi ya chai ya rangi iliyokolea, kwa sababu msitu mzima unadondosha majani na matawi ndani yake na kuyalowanisha humo. Ni maji yenye uvuguvugu, yenye uchachu kidogo, na yenye madini machache sana. Juu kuna kivuli cha miti, chini kuna mizizi na majani makavu, na katika vijito vya pembeni mwendo wa maji ni wa polepole. Humo ndimo kardinali walimoumbiwa kuishi, tena kwa makundi makubwa. Sasa linganisha na tangi letu: taa kali, mawe meupe, maji ya bomba, na samaki wawili. Ni sawa na kumchukua mtu wa kijijini usiku wa manane, ukamweka peke yake katikati ya uwanja wa mpira wenye taa zote zimewashwa, kisha ukashangaa kwa nini hali chakula.

Hapo ndipo tunapofika kwenye suala la upweke. Samaki huyu ni mdogo, na kila mwenye kinywa kikubwa humla. Silaha yake ni wenzake. Macho mengi huona adui mapema, na adui anapowaona kumi wakigeuka kwa pamoja hushindwa kuchagua amfuate yupi. Ubavuni mwa samaki kuna mstari wa vihisio unaopokea mtikisiko wa maji, na kwa msaada wa macho na mstari huo kila mmoja hujua jirani yake anaelekea wapi. Ndiyo sababu pia si vizuri watoto kugonga kioo: kwetu ni mlio mdogo, lakini kwa samaki ni kishindo mwilini. Tetra akiwa peke yake au wawili huishi katika hofu mchana kutwa. Hujificha, rangi hupotea, hula kidogo, na mwili wenye hofu ya kila siku hushindwa kupambana na maradhi. Basi asinunue mtu tetra wawili wa rangi mbalimbali kama anayechagua vitufe vya shati. Wawe 6 wa aina moja kwa uchache, na ni bora wawe 10. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Kuhusu rangi, liko jambo moja la kutuliza mioyo. Ule mng'ao wa buluu si rangi iliyopakwa. Ngozini mna vibamba vidogo mno vinavyorudisha mwanga kama kioo. Usiku taa zikizimwa, samaki hupunguza mng'ao wake. Kwa hiyo ukiwasha taa alfajiri ukawakuta wamefifia, usishtuke. Wape muda, watarudi. Wa kuogopewa ni yule anayebaki amepauka mchana kutwa, hasa akiwa na doa jeupe linalokata mstari wake, au mgongo uliopinda. Yako maradhi ya vimelea yanayowapata hasa neoni, nayo hayana tiba ya kutegemewa. Kwa hiyo unapokwenda dukani, usimtazame yule unayemtaka tu. Litazame tangi zima. Likiwa na mmoja wa namna hiyo, rudi nyumbani na fedha zako. Samaki mmoja akioza, wote huoza.

Sasa, ndugu wasikilizaji, tuje kwenye maji, ambayo ndiyo mzizi wa mazungumzo yetu. Makosa ya wengi ni kudhani kwamba maji yakiwa meupe ni masafi. Samaki anapopumua na kutoa uchafu, na chakula kinapooza, hutokea sumu inayoitwa amonia. Haionekani kwa macho. Katika tangi lililokomaa wako bakteria wema wanaoishi kwenye mchanga, kwenye mawe na hasa kwenye sponji ya chujio. Kundi la kwanza huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kwani huizuia damu ya samaki kubeba hewa. Kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo ni hafifu zaidi, na ambayo mimea huitumia kama mbolea, na sisi huipunguza kwa kubadili maji. Bakteria hawa hawaji siku moja. Huchukua kiasi cha majuma 4 mpaka 6 kuongezeka kufikia idadi ya kutosha. Anayenunua tangi Jumamosi asubuhi na kutia samaki Jumamosi jioni amewaweka wageni katika nyumba isiyo na choo. Siku chache baadaye samaki huonekana juu ya maji wakihema, na maji yenyewe bado ni meupe pe.

Njia iliyo sahihi ni kulijaza tangi maji, kupanda mimea, kuwasha chujio, kisha kusubiri. Kila siku tia chembe chache za chakula cha samaki ili bakteria wapate cha kuanzia. Ukiwa na rafiki mwenye tangi la siku nyingi lenye samaki wazima, mwombe kipande cha sponji ya chujio lake ukiweke katika lako. Hicho huharakisha kazi. Matone ya kupimia amonia na nitriti huuzwa katika maduka ya samaki. Vipimo vyote viwili vikisoma sifuri, hali bado unatia chakula, hapo nyumba iko tayari. Wakaribishe samaki watano au sita kwanza, ukawaongeza baada ya majuma mawili. Haraka haraka haina baraka.

Kwa anayeanza, tangi la lita 60 hivi, la urefu wa sentimeta 60, upana wa 30 na kimo cha 35, linatosha kwa kundi la tetra 10. Asidhani tangi dogo zaidi ni rahisi zaidi. Maji machache huchafuka upesi na kupata joto upesi. Na meza iwe imara, maana maji peke yake ni kilo 60, mbali ya mchanga na kioo.

Je, maji hayo yatoke wapi? Maji ya bomba mijini hutiwa klorini ili kuua vijidudu, na klorini hiyo hiyo huchoma mashavu ya samaki na kuua bakteria wetu wema. Klorini ya kawaida hutoka maji yakikaa wazi katika ndoo kwa siku nzima. Lakini zipo njia za kutibu maji ambamo klorini huunganishwa na amonia, nayo haitoki kwa kusubiri. Kwa hiyo ni salama zaidi kutumia matone ya kuondoa klorini yanayouzwa madukani, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa.

Ama maji ya kisima, hasa katika miji yetu ya pwani, mara nyingi huwa magumu. Mama wa nyumbani hahitaji kipimo kuyatambua: ni yale ambayo sabuni inakataa kutoa povu, na sufuria ya chai inabaki na ukoko mweupe. Tetra hawayapendi. Unaweza kuyapunguza makali kwa kuchanganya na maji ya mvua, ukiacha mvua ya kwanza ioshe vumbi la bati kabla ya kukinga. Usitumie maji ya mvua peke yake, maana hayana madini kabisa na uchachu wake hubadilika ghafla. Na usichote mchanga wa ufukweni wala kupamba kwa matumbawe na makombe ya baharini. Hivyo vyote ni chokaa, na chokaa huyafanya maji kuwa magumu zaidi siku hadi siku. Kuujaribu mchanga ni rahisi: uweke kidogo katika kisahani, udondoshee siki. Ukitoa mapovu, una chokaa, utafute mwingine.

Liko pambo moja ambalo wafugaji wa Ulaya na Marekani hulinunua kwa fedha, nasi tunalifagia barabarani kila asubuhi. Nalo ni jani kavu la mkungu, ule mti wa kivuli ambao watoto huyagonga makokwa yake kwa mawe. Jani lililokauka na kudondoka lenyewe, mbali na moshi wa magari na dawa za wadudu, likioshwa na kulazwa ndani ya tangi huyapa maji rangi ya chai na uchachu mdogo, kama ule wa Mto Mweusi. Majani mawili katika lita 60 yanatosha. Maji hayatakuwa meupe tena, lakini tetra watang'aa kuliko ulivyowahi kuwaona.

Halafu kuna joto. Neoni hustawi katika nyuzi 21 mpaka 25 za sentigredi. Kardinali huvumilia joto zaidi, kiasi cha 24 mpaka 28. Kwa hiyo mtu wa Dar es Salaam au Mombasa, ambako mwezi Februari maji ya tangi huweza kupita nyuzi 30, afadhali achague kardinali, tena afungue mfuniko na kuelekeza feni juu ya maji wakati wa joto kali. Maji ya moto hushika hewa kidogo, na amonia huwa kali zaidi ndani yake. Mtu wa Nairobi, Arusha au Mbeya anaweza kufuga neoni, lakini mwezi Julai atahitaji hita ndogo yenye kujizima yenyewe.

Mimea haiwekwi kwa urembo tu. Hunyonya amonia na nitrati, huwapa samaki maficho, na mchana hutoa hewa safi. Anayeanza aanze na mimea isiyodai mengi: valisneria yenye majani marefu kama utepe, ambayo hupatikana hata katika maziwa yetu, jimbi la Java, na anubiasi, mzaliwa wa Afrika ya Kati na Magharibi, ambaye hufungwa kwa uzi kwenye gogo na hakubali shina lake kufukiwa mchangani. Taa iwake saa 6 mpaka 8 kwa siku. Ukizidisha, au ukiweka tangi dirishani penye jua, utavuna mwani wa kijani kwenye vioo badala ya mimea.

Kazi ya kila juma ni ndogo. Vuta kwa mpira robo ya maji pamoja na uchafu wa chini, ujaze maji yaliyotayarishwa yenye joto lile lile. Sponji ikiziba, ikamue katika ndoo ya maji yaliyotoka tangini, kamwe usiiweke chini ya bomba. Wako watu wenye bidii ambao kila mwisho wa mwezi hutoa kila kitu nje na kusugua kwa sabuni mpaka kinang'aa. Kwa kufanya hivyo wamewaua bakteria wote, wamerudi siku ya kwanza, na vifo vinaanza upya. Usafi wa namna hiyo ni wa sahani, haufai kwa tangi.

Chakula kiwe kidogo, mara moja au mbili kwa siku, kile wanachokimaliza kwa dakika mbili. Kisage kwa vidole, maana vinywa vyao ni vidogo. Siku moja katika juma wasile kabisa, haiwadhuru. Na umeme ukikatika, kama tunavyojua hukatika, usiwalishe. Chota maji kwa kikombe na uyamwage taratibu kutoka juu mara kwa mara ili yapate hewa, au weka akiba pampu ndogo ya betri. Chujio likisimama kwa saa nyingi, ikamue sponji kabla ya kuliwasha, kwa sababu bakteria waliokosa hewa hufa na kuoza humo.

Je, tetra akae na nani? Asikae na samaki wa dhahabu, ambaye hupenda maji ya baridi zaidi, huchafua sana na atammeza akipata nafasi. Wala asichanganywe na samaki wa mapambo wa Ziwa Tanganyika, wale wanaosafirishwa kutoka Kigoma kwenda kuuzwa ng'ambo. Hao wanataka maji magumu, kinyume kabisa na tetra. Na hapa nasema wazi: kama nyumbani kwako kuna maji ya kisima magumu tu, na huna mvua ya kukinga, basi waache tetra, ufuge hao wa Tanganyika. Utakuwa umemchagua samaki kwa kufuata maji uliyo nayo, na huo ndio ufugaji wa busara.

Liko jambo la mwisho, nalo linatuhusu sote, wenye matangi na wasio nayo. Mtu akichoka na samaki wake au mimea ikizidi, huona ni huruma kuwamwaga mtoni au kwenye mfereji. Tafadhali sana, asifanye hivyo. Magugu maji yaliyoziba bandari za Ziwa Victoria katika miaka ya 1990, yakawazuia wavuvi wa Mwanza na Kisumu kutoa mitumbwi, asili yake ni bonde lile lile la Amazon. Yalienezwa duniani na watu waliopenda uzuri wa maua yake. Samaki wa ziada mpe jirani au mrudishie mwenye duka. Mimea ya ziada ikaushe juani mpaka ife, ndipo uitupe.

Neoni wengi wanaouzwa leo wamezalishwa katika mashamba ya samaki, hasa huko Asia. Lakini kardinali wengi bado huvuliwa mwituni. Katika mji wa Barcelos, ulioko yapata kilometa 400 juu ya Manaus kwenye mto Rio Negro, ziko familia ambazo kwa miaka mingi zimeishi kwa kuwavua kwa nyavu za mkono kutoka katika mitumbwi. Samaki huyo ametolewa kijitoni, akapandishwa mtumbwi, akapandishwa meli ya mtoni, akavuka bahari kwa ndege ndani ya mfuko wa nailoni, mpaka akafika kwenye duka la mtaani kwako akiwa hai. Wavuvi, mabaharia na wachukuzi wote hao wamefanya sehemu yao. Kilichobaki ni sehemu yetu: kumtayarishia maji kabla hajafika, na kumpa wenzake wa kuogelea nao.

Basi kama tangi liko tupu nyumbani na watoto wanadai samaki leo hii, waambieni wasubiri majuma sita. Wafundisheni kupima maji, kupanda valisneria na kuandika tarehe ukutani. Watakuwa wamejifunza kazi ya mfugaji kabla hawajamwona samaki mmoja.